Pampu ya maji ya Land Rover 109: ipi ununue na uifunge vipi

Msomaji wetu wa Muheza ameandika hivi: "Shikamoo, Fundi. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, marehemu baba aliinunua kwenye mnada wa shamba la mkonge huku kwetu. Pampu ya maji inavuja na feni inatikisika. Nimepewa ushauri wa aina tatu. Fundi wangu anataka kufunga pampu ya gari jingine aliyoikereza, na themostati ameshaitoa ili gari lisichemshe. Duka moja Tanga mjini lina pampu mpya ya boksi, bei nafuu mno. Mdogo wangu aliyeko Dar naye amepata ya skrepa. Nichukue ipi? Na kazi yenyewe naweza kuifanya mwenyewe nyumbani? Desemba nataka kupanda nalo Lushoto na familia."

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuliweka hai gari la mzee. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, kwa sababu huwezi kujua ununue ipi kabla hujajua injini iliyomo humo ni ipi hasa, na kama pampu ndiyo mgonjwa peke yake.

Kwanza injini. Series III ilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na ile ya petroli tuliyoizoea ina silinda nne, lita mbili na robo, yaani sisi (cc) 2286. Lakini kuna dizeli ya sisi 2286 vilevile, kuna 109 zilizotoka kiwandani na silinda sita za sisi 2625, na kuanzia 1979 zikaja za V8. Halafu kuna mambo yetu wenyewe. 109 nyingi za mkoa huu zimepita kwenye mikono ya mashamba ya mkonge, misheni na idara za serikali, na kila mkono umeacha alama yake. Utakuta kadi ya gari inasema petroli na ndani kuna dizeli ya Nissan au Isuzu. Nyingine ina bloku ya Land Rover kweli, ila sehemu za mbele, pamoja na puli na feni, zimetoka kwenye injini ya mwaka mwingine. Pampu huifuata injini, wala haijui kadi inasema nini. Kwa hiyo kabla hujampigia mtu yeyote wa spea, futa mafuta na vumbi, soma namba iliyopigwa kwenye bloku, uiandike. Piga na picha ya injini kwa mbele, uipige mchana.

Sasa mgonjwa. Pampu hii ni kitu rahisi. Shafti moja imekaa kwenye beringi. Mbele yake kuna habu inayobeba puli na feni, nyuma yake kuna impela, kile kisahani chenye mapanga kinachosukuma maji. Kati ya maji na beringi kuna sili, na chini ya mwili wa pampu, katikati ya sili na beringi, kuna kitundu. Kitundu hicho kimewekwa makusudi. Sili ikianza kuchoka, maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Ingiza kioo kidogo na tochi chini ya pampu ukitazame. Ukikuta mchirizi uliokauka, mweupe au wa rangi ya kutu, umeshuka kutoka kitunduni hadi kwenye kava ya mbele ya injini, basi sili imekwisha na hakuna la kujadili. Kuna watu wanakiziba kwa gundi ya chuma. Uvujaji unakoma kweli kwa muda, maji yanahamia kwenye beringi, grisi inaoshwa, na siku beringi inapokatika feni inaifuata rejeta. Hapo utalipia pampu na utalipia rejeta.

Kutikisika kwa feni ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Zima injini, toa ufunguo, shika panga moja la feni juu na lingine chini, uvute na kusukuma. Usijali feni kuzunguka kidogo kwa sababu ya fenibelti. Unachotafuta ni mchezo wa kwenda mbele na nyuma. Ukiusikia mkononi, hata mdogo, gari lisitoke tena nje ya Muheza. Usipousikia na maji bado yanavuja, kausha eneo lote kwa kitambaa, paka chaki kuzunguka gasketi ya pampu na kwenye klipu za mipira, washa injini kwa dakika chache uone chaki inalowa wapi. Feni hupuliza maji kila upande, na pampu nzima kabisa imewahi kulaumiwa kwa kosa la klipu ya shilingi mia tano. Mtuhumiwa wa kwanza hapo ni mpira mfupi unaounganisha pampu na nyumba ya themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata joto ili yapite kwenye rejeta. Ni mdogo, umejificha, na watu wengi hubadilisha mipira yote ya rejeta wakausahau huo.

Kwa maelezo yako, feni kutikisika na uvujaji kwa pamoja, naamini pampu imekwisha. Tuje kwenye ushauri wa wale watatu.

La fundi wako la kukereza pampu ya gari jingine silikubali, na si kwa dharau. Kukereza mtu anaweza. Akaifanya ikae, ikabana, isivuje. Hawezi kujua kama impela ile inasukuma maji ya kutosha kwa injini hii, kwa mwendo wa puli hii. Mstari wa fenibelti ukipotea kidogo tu, belti inaanza kula ukingo mmoja na beringi inavutwa upande. Hayo huyaoni gari likiwa limesimama gereji. Utayaona Soni, njiani kwenda Lushoto, kwenye kona, na watoto nyuma.

Ya boksi siikatai kwa sababu ya bei wala siikubali kwa sababu ya upya. Kwenye soko la spea za Land Rover za zamani kuna vitu vizuri na kuna takataka, na maboksi yake yanafanana. Duka lile likikuruhusu kufungua boksi na kupima, nenda. Wakikataa, waachie pampu yao.

Kinachoamua ni pampu yako ya zamani. Usiitupe na usimwachie fundi akaitupe. Ing'oe kwanza, isafishe, uibebe mkononi hadi dukani; hiyo ndiyo katalogi yako. Mtu wa kaunta atakwambia "hii ni ya Series, inaingia tu." Mjibu kwa upole kwamba Series ni nyingi, kisha zilaze pampu mbili juu ya kaunta na upime.

Anza na gasketi. Ichukue gasketi iliyokuja na pampu mpya, iweke kwenye uso wa pampu ya zamani, kisha kwenye uso wa mpya. Matundu yote ya bolti na njia za maji yalingane pande zote mbili. Tundu moja likikosekana, mwambie arudishe kabatini.

Kisha pima kimo cha habu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Laza pampu uso wa gasketi ukitazama chini kwenye kioo au meza iliyonyooka, impela ikipita kwenye ukingo wa meza isizuie, na upime kutoka mezani hadi uso wa habu pale feni inapofungwa. Venia, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili, ni nzuri, rula ya chuma inatosha. Vipimo viwili vitofautiane chini ya milimita moja. Milimita tano ukizidharau, puli ya pampu haitakuwa mstari mmoja na puli ya chini, na feni itasogea kwenye rejeta au itarudi kwenye injini. Angalia pia matundu manne ya habu na kile kidole cha katikati kinachoiweka feni senta. Kikiwa chembamba kuliko tundu la feni yako, feni itakaa kando ya senta na utaitikisa beringi mpya tangu siku ya kwanza.

Geuza pampu utazame impela. Pima imechomoza kiasi gani kutoka uso wa gasketi, na upana wake, ukilinganisha na ya zamani. Fupi mno haisukumi maji vizuri, ndefu mno itakwaruza ndani. Ya zamani huenda utaikuta mapanga yameliwa yakabaki kama meno ya kitana kibovu; basi pima pale palipobaki nzima, karibu na shafti. Mimi napendelea impela ya chuma cha kumimina kuliko ya bati lililokunjwa, ingawa ya bati iliyotengenezwa vizuri haiui injini. Mdomo wa mpira mkubwa wa chini, wa ule mpira mfupi na wa hita, yote ilingane unene. Mwisho zungusha habu kwa vidole. Inatakiwa izunguke taratibu, kwa uzito mdogo ulio sawa mzunguko mzima, ambao ni msuguano wa sili. Ikizunguka bure kama haina kitu ndani, au ikishika mahali na kuachia, irudi kwenye boksi.

Tanga mjini ukikosa, utaagiza Dar au Arusha. Arusha utalii umeiweka biashara ya spea za Land Rover hai, na wale walioliona tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 kule wanajua bado zipo ngapi barabarani. Usiagize kwa jina. Mtumie muuzaji picha za pampu yako: mbele, nyuma na ubavuni, rula ikiwa imelala kando yake, pamoja na ile namba ya injini. Mwombe akupigie picha zilezile za pampu yake, na rula yake. Muuzaji anayejua kazi hachukii. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayekuuliza kimo cha habu kabla hujamwambia.

Ya skrepa ya mdogo wako usiifunge ilivyo. Beringi na sili yake zina umri wa ile yako. Lakini kama anaipata kwa bei ya chuma chakavu, mwambie achukue, kwa sababu ya mwili wake. Pampu ya zamani ya kiwandani mara nyingi ina mwili mzito na sura iliyokerezwa vizuri kuliko nyingi za sasa, na inaweza kufufuliwa. Beringi na shafti huja kama kitu kimoja, sili ni kitu cha pili, impela ya tatu. Fundi mwenye presi, anayejua kazi ya kukereza, anaimaliza kwa nusu siku. Mwambie mambo mawili tu. Kuna bolti ndogo ubavuni mwa pampu hizi inayoishikilia beringi isitembee. Itoke kabla ya kupress, la sivyo mwili unapasuka. Na nafasi kati ya mapanga ya impela na mwili ipimwe kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, wakati wa kurudisha. Pampu nyingi za aina hii hutaka takriban nusu milimita. Akikuangalia kwa mshangao ukitaja fila, tafuta fundi mwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu: nunua mpya iliyopimwa, uifunge sasa, na ya zamani uifanyie ukarabati bila haraka ikae stoo. Kwa gari la umri huu pampu ya akiba si anasa.

Kazi yenyewe unaiweza nyumbani, kivulini, ukiwa na siku nzima. Usianze saa tisa alasiri.

Bolti za pale nyingi ni za inchi, kichwa cha nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 13 itaingia na utadhani inatosha, lakini ile nafasi ndogo ndiyo inayokula kona za bolti yenye kutu. Azima spana za inchi, na iwe ya soketi yenye pembe sita. Siku moja kabla, nyunyizia kila bolti mafuta ya kulainisha kutu, au dizeli ukikosa, asubuhi na jioni.

Injini ikiwa baridi kabisa, ondoa waya wa betri, fungua kifuniko cha rejeta, fungua bomba la chini la rejeta na lile dogo la kwenye bloku. La bloku ndilo linalosahaulika, na mara nyingi ukilifungua halitoi kitu kwa sababu limejaa tope la kutu. Lichokonoe kwa waya hadi maji yatoke. Ukiona tope jekundu zito linashuka, umeshapata nusu ya sababu ya gari lako kuchemsha, na pampu haihusiki. Ingiza mpira wa bustani kwa juu uoshe hadi yatoke maji meupe. Kinga maji yenye kulanti, ile dawa ya rejeta, kwenye beseni. Ni sumu na ni matamu, mbuzi na paka huyanywa.

Toa kava ya feni, legeza altaneta, toa fenibelti, kisha feni na puli. Feni iandike kwa chokaa upande unaotazama rejeta. Ikirudishwa kinyume bado itavuta hewa upande uleule, ila kwa udhaifu, na utahangaika kutafuta kwa nini gari linachemsha kwenye foleni tu.

Tafuta kipande cha boksi la kadibodi. Chora umbo la pampu, toboa matundu pale bolti zilipo, na kila bolti unayotoa ichomeke kwenye tundu lake. Bolti hizi hazina urefu mmoja. Ndefu ukiirudisha pahala pa fupi itagonga mwisho kabla haijabana pampu, utaendelea kukaza ukidhani ni kutu, na utapasua kitu. Kadibodi hii inamaliza ubishi wote wa jioni.

Bolti ikigoma, usiilazimishe kufunguka. Ikaze kidogo kwanza, kisha uifungue, urudie hivyo hivyo huku ukiigonga kichwani taratibu. Ikikatika na kuacha kipande kilichochomoza, mchomeleaji anaweza kukalisha nati juu yake, akaichoma, na joto lenyewe litaisaidia itoke. Ikikatikia ndani kabisa, mwite mwenye uzoefu. Usichimbe kwa drili ya mkono iliyopinda.

Pampu ikishatoka, safisha uso wa injini kwa wembe wa kukwangulia na mafuta ya taa, bila kutumia patasi. Ziba njia za maji kwa kitambaa ili takataka zisiingie. Gasketi iliyokuja ikiwa imekunjika au nyembamba mno, kata yako mwenyewe: weka karatasi ya gasketi juu ya pampu, gonga kingo kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo hadi umbo lijichore na kujikata lenyewe. Mafundi wa zamani wa Ngamiani, Tanga mjini, walikata hivyo gasketi zote, na hazikuvuja. Paka grisi kidogo pande mbili. Silikoni nikiiona nasononeka: kinachobanwa kwenda nje tunakiona na kukifuta, lakini kinachobanwa kwenda ndani hukatika na kwenda kuziba mirija ya rejeta. Ukiitumia, iwe utando tu.

Funga mpira mfupi mpya kwenye pampu kabla pampu haijakaa, ukiwa na klipu mbili tayari juu yake, kwa sababu baadaye mkono hauingii. Ingiza bolti zote kwa vidole, kisha zikaze kwa kupokezana, huku na kule, kwa spana fupi. Ni bolti ndogo. Nguvu ya kiwiko inatosha. Kabla ya kurudisha feni, zungusha habu kwa mkono usikilize. Ikikwaruza, impela inagusa. Itoe sasa.

Fenibelti irudi mpya kama ya zamani inang'aa ubavuni au imepasuka kwa ndani. Ukibonyeza kwa dole gumba katikati ya ule upande mrefu, ishuke karibu sentimita moja. Vijana wengi huikaza hadi ilie kama gitaa, wakidhani ndiyo uimara. Mvuto huo wote unakwenda kwenye beringi ya pampu na ya altaneta, na huenda ndio ulioiua hii ya kwako.

Sasa themostati. Irudishe. Najua kwa nini imetolewa: kwetu Tanga kuna joto, kwa hiyo watu wanaona kizuizi cha kazi gani? Ila injini haikuundwa ifanye kazi baridi. Ikiwa chini ya joto lake, oili haikauki unyevu, petroli inanywewa zaidi na silinda zinalika. Na kwenye injini hii kuna njia fupi, ile ya mpira mdogo, inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta, kwa hiyo kuitoa themostati si sawa na kuyapeleka maji yote kwenye rejeta. Gari likichemsha, themostati mbovu hubadilishwa. Ijaribu: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, uwashe moto. Ya digrii 82 ianze kufunguka maji yakiwa bado hayajachemka, na ikitolewa ijifunge yenyewe. Isipofanya hivyo, nunua nyingine ya kiwango kilekile. Ikiwa na kipini kidogo kinachocheza, kikae juu, hewa ipite wakati wa kujaza.

Kisha maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo yaliyoila ile impela. Pwani yetu visima vingi vina chumvi. Maji hayo unayafulia kwa shida kwa sababu sabuni haitoi povu, halafu mtu anayamimina kwenye injini ya chuma na rejeta ya shaba. Chumvi inakula chuma, na magamba yanabaki kwenye bloku pale penye moto zaidi. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga safi, bila kupita kwenye bati lenye kutu, au maji ya betri ya dukani. Hakikisha umepewa maji ya betri na si asidi ya betri. Chupa zake zinafanana na muuzaji ana haraka. Theluthi moja hadi nusu iwe kulanti. Usiseme sisi hatuna barafu. Kulanti inazuia kutu, inailainishia sili ya pampu kazi yake na inapandisha kiwango cha maji kuchemka. Kwa rejeta ya zamani yenye risasi kwenye maungio, uliza ile ya mtindo wa zamani, isiyo ya asidi za kikaboni. Soma maandishi ya chupa, usitazame rangi. Kila kiwanda kina rangi zake. Mfumo wote unameza karibu lita 10.

Jaza taratibu, bomba la hita likiwa wazi, huku ukiuminya mpira wa juu wa rejeta ili hewa itoke. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ngoja themostati ifunguke, utaona maji yanashuka ghafla, ongeza. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyokoma, yanayozidi ukikanyaga mafuta, ni gasketi ya hedi, na pampu hata iwe ya dhahabu haitakusaidia. Chomoa pia kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, simamisha kila kitu.

Kifuniko cha rejeta tazama namba yake. Gari hili kwa kawaida hutaka 9 psi, yaani kipimo cha shinikizo. Usichukue cha Toyota cha siku hizi kwa sababu kinaingia. Vingi vinashikilia shinikizo kubwa zaidi, na rejeta yako na mipira ya mzee havikuzoea hivyo. Usiende pia bila kifuniko kizima. Tanga, usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwa digrii 100. Lushoto, kama mita 1,400 juu, yanachemka kwa takriban 95. Kifuniko kizima cha 9 psi kinakupandisha zaidi ya 110 hata kule juu. Lastiki yake ikiwa imekauka, umepoteza yote hayo.

Usiende Lushoto kwa safari ya kwanza. Nenda Pongwe na kurudi, simama, acha injini ipoe, tazama kitundu kile kwa kioo. Matone machache ya mwanzo wakati sili inajikalisha hayanitishi, mchirizi ndio unaonitisha. Kaza upya klipu za mipira, pima fenibelti tena maana mpya hulegea. Ukiona kukavu, jaribu kupanda Amani siku moja ukiwa peke yako. Barabara ile ya kutoka Muheza itakwambia mengi kwa gharama ndogo.

Kutoka Mombo kwenda juu Lushoto ni kilomita 30 na ushei za kona, gia ya chini, mwendo mdogo, injini inazunguka sana. Hewa ya mbele haitoshi, kwa hiyo feni na pampu ndizo zinazobeba kazi yote. Ondoka Mombo alfajiri, usibebe mzigo wa gunia kwenye keria. Sindano ya joto ikianza kupanda, fungua hita hadi mwisho, hata kama wote mtatokwa jasho, tafuta pahala pana, egesha, na uiache injini ingurume kwa kasi iliyozidi kidogo sailensa, yaani mngurumo wa kawaida bila kukanyaga mafuta, badala ya kuizima ghafla, alimradi maji hayamwagiki na belti haijakatika. Kifuniko hakiguswi hadi mpira wa juu ushikike kwa mkono mtupu. Beba lita tano za maji yako mwenyewe, mpira mfupi wa akiba na fenibelti. Vitatu hivyo vinaenea chini ya kiti.

Kuhusu fundi wako, usigombane naye. Mpe gasketi akukatie na kazi ya kung'oa bolti, kama mkono wake ni mzuri huko. Mdogo wako wa Dar mtumie leo hii picha ya pampu yako na rula kando, akapime ile ya skrepa kabla hajatoa hela.